Kupiga picha alama za barabarani: ipi inasaidia na ipi inahatarisha maisha

Abiria wanaosafiri kwa barabara ya Mombasa kupitia Makueni hupenda kupiga picha. Kuna kibao cha Sultan Hamud ambacho wengi hutumia kuwajulisha jamaa kwamba wameshafika mbali, kuna mibuyu ya kuelekea Mtito Andei, na kuna Milima ya Chyulu upande wa kulia kwa anayeteremka pwani. Kibao chenye picha ya ndovu nacho hakikosi mpiga picha. Simu moja hurudi nyumbani na picha 30 au 40, na nyingi kati ya hizo hubaki humo mpaka simu ijae.

Miongoni mwa picha hizo huwamo zenye kazi kubwa kuliko mwenye simu anavyodhani. Alama ya kona iliyolala kwenye nyasi, mlingoti uliobaki peke yake baada ya kibao kung'olewa, kivuko cha watoto wa shule ambacho rangi yake imefutika: vyote hivyo mkazi huviona kila siku, ilhali mhandisi wa barabara huenda akapita hapo mara chache tu kwa mwaka. Picha iliyopigwa vizuri na kufikishwa kwa ofisi inayohusika humwonyesha fundi tatizo kabla hajaondoka ofisini.

Kwa dereva mgeni, kibao kilichoondolewa hakiachi dalili. Hawezi kujua kwamba mbele yake palikuwa na onyo la kona, la matuta au la kalavati nyembamba. Vibao na vyuma vya kingo za barabara vimekuwa vikiibwa kwa sababu vina bei katika biashara ya vyuma chakavu. Mwaka 2022 serikali ya kitaifa iliisimamisha biashara hiyo kwa miezi kadhaa, hasa kwa ajili ya uharibifu wa nyaya na milingoti ya umeme, lakini barabara nazo zilikuwa zimeumia. Kila mwaka ajali huwaua zaidi ya watu 4,000 nchini, na watembea kwa miguu ndio wengi katika hesabu hiyo. Kibao kimoja hakiwezi kuzuia yote hayo. Hata hivyo dereva anayeingia sokoni kwa kilomita 90 kwa saa, bila kujua kwamba ameingia sokoni, ni hatari ambayo chuma chenye nambari 50 kingeweza kuipunguza.

Jambo la kwanza ni nani anayeshika simu. Dereva asiishike. Kanuni za makosa madogo ya barabarani za mwaka 2016 zinamtoza dereva anayetumia simu gari likiwa linatembea faini ya shilingi 2,000, na abiria anayetoa sehemu ya mwili nje ya gari linalokwenda shilingi 1,000. Faini hizo ni ndogo kuliko gharama yenyewe. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 hivi kwa sekunde moja. Anayeinamisha macho sekunde tatu kutafuta kitufe cha kamera amekwenda zaidi ya mita 60 bila kuangalia barabara. Waendeshaji bodaboda wanaoinua simu mkono mmoja wakiwa mwendoni hawana tofauti, ila wao hawana hata mlango wa kuwakinga.

Abiria anaweza kupiga picha akiwa ndani, dirisha likiwa limefungwa. Kosa la kawaida ni kamera kulenga vumbi la kioo badala ya kibao kilicho mbele. Akisogeza simu karibu kabisa na kioo, kisha akagusa skrini mahali kibao kilipo, picha hutoka safi. Kibao kilicho mbali mbele hutoka vizuri kuliko kinachopita ubavuni, kwa maana cha ubavuni hukimbia haraka mno na huacha ukungu. Ni afadhali kupiga tatu au nne mfululizo kuliko kungojea moja iliyo kamili.

Ikiwa ni lazima kusimama, gari litoke nje ya lami kabisa, mahali penye nafasi na palipo mbali na kona au kilele cha mlima. Taa za tahadhari ziwashwe na abiria washuke kwa upande usio wa magari. Kuna mtindo wa kusimama katikati ya barabara iliyonyooka ili mistari myeupe ionekane ikikutana mbali. Picha hizo hupendeza kweli. Lakini lori linaloteremka likiwa limebeba kontena haliwezi kusimama ghafla kwa ajili ya mtu anayechekea kamera. Mtembea kwa miguu anayezuia magari kwa makusudi naye ana faini yake, shilingi 500.

Kutoka Mtito Andei kuelekea Voi hali ni nyingine. Barabara inapita kati ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, na vibao vya wanyama vilivyopo huko si mapambo. Ndovu huvuka hapo, wengine kupitia njia zilizoachwa chini ya reli ya SGR, na nyati na simba ni wenyeji wa kichaka hicho. Kushuka garini ili kupiga picha kibao cha ndovu ni kusahau kilichoandikwa humo.

Sasa, picha ya kupeleka ofisini. Moja haitoshi. Ya kwanza ipigwe kwa mbali, kutoka anakotokea dereva, ili ionekane kama kibao kinaonekana au kimefunikwa na matawi, bango la biashara au kibanda. Ya pili iwe ya karibu, ionyeshe uharibifu wenyewe: kutu, tundu, maandishi yaliyofutika, mlingoti uliopinda. Ya tatu ionyeshe kitu kisichohama kilicho jirani, kama vile lango la shule, kituo cha mafuta, daraja au kibao cha kilomita kilicho kando ya barabara. Hii ya tatu ndiyo watu wengi huiacha, na kuikosa ndiko humfanya fundi azunguke nusu siku akitafuta "ule mlingoti uliovunjika karibu na mti".

Maelezo mafupi yaandamane nazo: jina la barabara, sehemu, upande wa magari (yanayokwenda Nairobi au yanayokwenda Mombasa), tarehe na saa. Upande una maana sana. Kona ile ile huwa na kibao kila upande, na kimoja kinaweza kuwa kizima huku kingine kikiwa kimeibwa.

Simu nyingi za kisasa huweza kuhifadhi mahali picha ilipopigwa ndani ya picha yenyewe, iwapo mwenyewe ameruhusu kamera kutumia eneo. Tatizo huja wakati wa kutuma. Picha ikitumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, programu hiyo huipunguza ukubwa na kuondoa taarifa hizo. Ikitumwa kama faili ya hati, hufika na taarifa zake. Anayeona hilo ni gumu anaweza kutuma eneo lake akiwa bado amesimama pale, kabla hajaondoka.

Usiku kuna mtihani rahisi. Vibao vya barabarani hufunikwa kwa karatasi maalumu yenye chembe ndogo zinazorudisha mwanga kulekule ulikotoka. Kwa sababu hiyo taa za gari hukifanya kibao kizima king'ae machoni pa dereva, hata gizani kabisa. Mtu aliyesimama mahali salama akipiga picha kwa mwanga wa simu, kibao kizima kitatokea cheupe kupita kiasi hata maandishi yasisomeke. Hilo si kosa la kibao. Asogee kidogo upande na maandishi yatatokea. Kikitokea cheusi kama ubao wa kawaida, karatasi imekufa kwa jua na vumbi, na kibao hicho usiku hakipo, hata kama mchana kinaonekana kizuri. Kasoro hii mkaguzi wa mchana haioni, na hapo picha ya mkazi ina thamani ya pekee.

Baadhi ya picha zinazopokewa huwa hazihusu kibao kilichoharibika bali kisichokuwapo kamwe. Ili kueleza hilo, inasaidia kujua lugha ya maumbo. Pembetatu yenye ukingo mwekundu huonya: kona, matuta, wanyama, watoto. Duara lenye ukingo mwekundu huamuru au hukataza, kama vile kikomo cha mwendo. Yenye pembe nane ni moja tu, ya kusimama, na umbo lake ni la pekee ili dereva aitambue hata ikiwa na matope. Anayeandika "hapa panahitaji pembetatu ya watoto kabla ya lango la shule, pande zote mbili" ameeleza kazi nzima kwa sentensi moja.

Yote haya hupotea bure ikiwa picha imekwenda kwa ofisi isiyohusika, na hapa ndipo malalamiko mengi huzaliwa. Katiba, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti barabara za kaunti, taa za barabarani na maegesho. Barabara kuu za kitaifa zimebaki kwa serikali ya kitaifa. Herufi iliyo mbele ya nambari ya barabara husaidia kutambua. Za A na B, mfano A8 ambayo ndiyo barabara ya Mombasa (zamani A109) na ambayo inaendelea hadi Malaba, ziko chini ya Mamlaka ya Barabara Kuu, KeNHA. Za C kwa kawaida ziko chini ya Mamlaka ya Barabara za Mashinani, KeRRA. Barabara za kitaifa zilizo ndani ya miji ni za KURA. Za D kushuka chini, zikiwamo nyingi za murram zinazoelekea sokoni, zahanati na shule, ni za kaunti.

Ndiyo maana mkazi wa Emali anaweza kuona kibao cha soko kikitengenezwa mwezi huu na kile cha barabara kuu, mita 200 kutoka hapo, kikikaa vilevile. Ofisi ni mbili, bajeti ni mbili. Mkazi asiyejua barabara ni ya nani apeleke picha kwa msimamizi wa wadi, ambaye kazi yake ni pamoja na kuipeleka inakotakiwa. Aombe jibu la maandishi, au basi aandike jina la ofisi na tarehe aliyoiwasilisha.

Kuhusu sheria za kupiga picha, hofu imekuwa kubwa kuliko sheria yenyewe. Kupiga picha kibao kando ya barabara ya umma si kosa. Kinachokatazwa ni kupiga picha mahali palipotangazwa kuwa eneo lililolindwa chini ya Sura ya 204, kama vile kambi za jeshi, na maeneo hayo huwa na maandishi ya onyo langoni. Picha ya barabara isiwe kisingizio cha kuelekeza kamera huko. Droni ni jambo jingine kabisa. Kanuni za mwaka 2020 zinataka isajiliwe na mwenyewe awe na idhini ya Mamlaka ya Safari za Anga, KCAA, hata kama anarusha juu ya shamba lake mwenyewe.

Nyuso za watu na nambari za magari nazo zinahitaji uangalifu, kwa kuwa Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inazihesabu taarifa zinazoweza kumtambulisha mtu. Kwa ripoti ya kibao hazihitajiki hata kidogo. Mkazi angojee watoto wapite kwanza ndipo apige picha ya kivuko chao. Wanaochangia picha katika ramani za hiari kama Mapillary watakuta kwamba mfumo wake hufunika nyuso na nambari za magari wenyewe, jambo ambalo makundi ya WhatsApp ya mtaani hayafanyi.

Na ajali inapotokea, simu ina kazi moja kwanza: kupiga 999 au 112. Picha ya majeruhi haimsaidii yeyote, na mara nyingine hufika kwa mama yake kabla ya polisi kufika kwake. Lori la mafuta likianguka, watu waondoke, wasisogee kurekodi. Wengi wanakumbuka Sachangwan, Januari 2009, ambako zaidi ya watu 100 walipoteza maisha lori la mafuta lililopinduka liliposhika moto huku umati ukiwa umelizunguka.

Ripoti ya kibao ikikaa bila jibu, mkazi ana njia mbili zisizo na gharama kubwa. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaitaka ofisi ya umma kujibu ombi la taarifa ndani ya siku 21, na ndani ya saa 48 ikiwa taarifa hiyo inahusu uhai wa mtu. Ombi linaweza kuuliza tu: kibao hiki kiko katika mpango wa matengenezo wa mwaka huu, ndiyo au la? Njia ya pili ni kuwasilisha maombi rasmi kwa Bunge la Kaunti, haki ambayo Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa kila mtu, mradi jambo lenyewe liwe la kaunti. Katika njia zote mbili picha zile tatu, zenye tarehe na zenye alama ya mahali, ziambatishwe, na nakala zake zibaki katika simu mpaka kibao kisimame.