Kitabu Kilichotuacha na Njaa

Jina la kitabu ni kama harufu ya chakula. Ukilisikia tu, unaanza kutazamia. Sisi tulipopata Uhuru wa Watumwa tulitazamia mengi. Katika kikundi chetu tupo kumi na wawili, na kitabu ni kimoja. Mmoja anasoma kwa sauti, wengine tunasikiliza, kisha anampa jirani yake.

Mwandishi ni James Mbotela, na kitabu kilitoka mwaka 1934. Baba yake alikuwa mtumwa aliyeachwa huru. Kwa hiyo mambo haya aliyasikia nyumbani. Hadithi ya namna hii huitwa riwaya ya kihistoria, yaani masimulizi yaliyojengwa juu ya mambo yaliyotokea kweli. Lakini mwandishi ndiye anayechagua aseme lipi na anyamazie lipi.

Mwanzo ulitushika barabara. Watu wanakamatwa, wanatembezwa mpaka pwani, wanapakiwa jahazini. Mama mmoja alifika hapo akashindwa kuendelea, akampa mwenzake kitabu. Kisha manowari ya Waingereza inalikamata jahazi. Watumwa wanaachwa huru, wanapelekwa Freretown karibu na Mombasa, makao yaliyoanzishwa na wamisionari mwaka 1875.

Baada ya hapo hadithi ikapoa. Sifa za Waingereza zikazidi mno. Kijana mmoja akauliza, "Hivi hawa watu hawakosei hata siku moja?" Tulicheka, lakini swali lilikuwa zuri.

Tukumbuke kwamba mwaka 1934 Waingereza ndio waliotawala Kenya, na kitabu kilichapwa huko kwao London. Tena mwandishi alikuwa na sababu ya kushukuru: baba yake aliokolewa. Manowari hazikuwa uongo. Mwaka 1873 Seyyid Barghash wa Unguja alitia sahihi mkataba wa kukataza watumwa wasisafirishwe baharini, na masoko yao yakafungwa. Lakini mkataba ule haukumfungua mtumwa aliyekwisha kuwa shambani. Sheria ya kuondoa utumwa Unguja ilikuja mwaka 1897. Kwetu Tanganyika ilichelewa mpaka 1922!

Hapo mzee mmoja, ambaye siku zote hukaa kimya, akasema: "Bibi yangu aliyenilea alikuwa mtumwa. Hakuona manowari. Alitoka usiku na chungu kichwani kama anakwenda kisimani, hakurudi. Kitabu hiki hakimjui."

Hakuna aliyejibu. Njaa yetu ilikuwa hiyo hiyo, ila tulikuwa hatujaipatia jina. Katika kitabu hiki tuliwaona zaidi watu wa kuokolewa. Sisi tulitaka pia waliojiokoa, nao walikuwepo wengi. Kabla ya mwaka 1890, katika nchi ya Wagiriama, watumwa watoro walikuwa na kijiji chao, Fuladoyo. Wengine walikimbilia misheni ya Rabai. Mabwana zao wakawafuata wakiwadai. Mwanzoni mwa mwaka 1889 kampuni ya Waingereza ikatoa fedha ili watoro zaidi ya 1,000 waliokuwa kwenye misheni wapewe hati za uhuru. Angalieni, waliolipwa ni mabwana. Mtumwa aliyefanya kazi miaka yote hakupata hata senti.

Wenzetu wawili walitaka tukirudishe kitabu. Sisi tulikataa. Kama kisingetukasirisha, pengine habari ya yule bibi tusingeisikia. Tukaanza kusoma kwa namna nyingine: kila tukimaliza sura, tunauliza nani hapa amesemewa, na nani hakuonekana kabisa. Majibu tunayaandika katika daftari. Mwandiko si mzuri sana, lakini unasomeka.

Tulimwomba mzee habari ya bibi yake iingie katika daftari hilo. Akasema ataiandika mwenyewe, mkono wake haujachoka. Mpaka sasa ameshajaza kurasa tatu, na bibi bado hajafika kisimani.