Baba anayemtupa mwanawe baharini

Ukiitazama filamu Mare Nostrum bila kujua habari yake, mwanzoni utamchukia yule baba. Yuko ufukweni mwa Mediterania na binti yake mdogo. Anambeba, anamtupa majini. Mtoto anatapatapa, baba anamwopoa, kisha anamrudisha tena. Maneno ni machache mno, na hakuna anayekueleza kwa nini.

Filamu hiyo ya mwaka 2016, isiyozidi robo saa, ni ya Rana Kazkaz na Anas Khalaf. Baba ni Msyria, na polepole unang'amua anachokifanya: anamfundisha mwanawe kuogelea kabla ya safari ya baharini kukimbilia Ulaya. Watoto wa Mombasa na Bagamoyo hujifunzia baharini kwa mchezo na vicheko. Huyu hana muda huo. Chombo kikipinduka, baba anajua mikono yake peke yake haitamwokoa.

Hofu yake haikuwa ya kubuni. Septemba 2, 2015, mashua ya wakimbizi iliyotoka karibu na Bodrum, Uturuki, ikielekea kisiwa cha Kos, Ugiriki, ilizama. Alan Kurdi, mtoto wa miaka 2, alikufa pamoja na kaka yake na mama yao, akabaki baba. Januari iliyofuata, polisi wa Uturuki walivamia karakana mjini Izmir wakakamata majaketi ya kujiokolea zaidi ya 1,200, yote bandia. Mzazi alimnunulia mwanawe kinga, kumbe amemvalisha kifo.

Mare Nostrum lilikuwa pia jina la operesheni ya uokoaji ya meli za jeshi la maji la Italia, iliyoanza Oktoba 2013 baada ya watu zaidi ya 360 kufa karibu na kisiwa cha Lampedusa. Kwa mwaka mmoja iliokoa watu wapatao 150,000. Kisha ikasitishwa. Mwaka 2016, watu zaidi ya 5,000 walikufa au kutoweka katika bahari hiyohiyo.

Ndiyo maana simlaumu baba yule, ingawa kumtazama kunaniumiza. Nawalaumu walioziondoa meli zile wakijua kwamba watu wataendelea kuvuka. Mtoto wa kikimbizi hapaswi kutegemea pumzi zake mwenyewe ili afike salama. Itafuteni filamu hii, hasa nyinyi mnaouliza ni mzazi gani humpakia mwanawe katika mashua mbovu. Na serikali za Ulaya zirudishe meli za uokoaji.