Namna Foto Inasafiri Kama Maandiko



Wengi kati yetu wanatuma leo foto ao kopi ya diploma kwa imeli. Wachache wanajua kwamba njiani foto hiyo ni maandiko tu.

Kumbukeni foni za misioni. Mutu wa Nyankunde aliweza kusema na mutu wa Bunia, lakini hakuweza kumuonyesha foto, kwani foni inabeba sauti tu. Imeli nayo ilizaliwa hivyo. Kanuni yake ya mwaka 1982 ilikubali alama 128 za Kiingereza tu, zenye biti 7. Hata «é» ya Kifransa haikuwa ndani; ndiyo sababu mara ingine tunasoma «=E9l=E8ve» pahali pa «élève». Foto iko na okteti za biti 8. Ukiituma wazi, inaharibika.

Mwaka 1980 Mary Ann Horton, kule Berkeley, Marekani, alitengeneza uuencode, programu ya kugeuza fishie kuwa maandiko. Ile ya leo, Base64, iliingia imeli kwa kanuni MIME ya Borenstein na Freed, mwaka 1992.

Tufanye hesabu. Foto ao neno, kwa ordinatere yote ni namba. Twaa «Bun»: B ni 66, u ni 117, n ni 110. Kwa 0 na 1 tunaandika:

01000010 01110101 01101110

Hizo ni biti 24. Sasa uzikate kwa sita:

010000 100111 010101 101110

Ni kusema 16, 39, 21, 46. Hesabu herufi, A ikiwa 0: kubwa zote, kisha ndogo, kisha 0 mpaka 9, mwisho + na /. Zote ni 64. Unapata QnVu. Bunia nzima ni QnVuaWE=, na ile «=» inajaza tu nafasi iliyopunguka.

Angalieni: okteti tatu zimekuwa herufi ine. Foto ya mega 3 inasafiri kwa mega 4 na kidogo, na feza ya mega ni yako. Punguza foto mbele ya kutuma.

Tena, QnVu si siri hata kidogo! Haina funguo. Mutu yeyote mwenye kalamu anaifungua, kwa hiyo usifiche humo neno lako la siri.

Zoezi: A ni 65, a ni 97. Fungueni SXR1cmk=, jina tunalojua wote.