Vipepeo vidogo vya usiku: kujua undugu wao inatuangalia

Mama akifungua gunia ya mahindi yenye imelala miezi kwenye depo, mara nyingi kuko kitu kinaruka. Ni kipepeo mudogo, rangi ya majani makavu, hafike hata urefu wa kucha ya kidole gumba. Anazunguka kidogo karibu na taa, halafu anapotea. Punje yenye alitoka ndani imebaki na tundu la muviringo, na unga wake umekwisha. Watu wanasema tu "vidudu vya mahindi", sawa vile wanasema juu ya kile kidudu cheusi chenye mudomo murefu. Lakini wale wawili hawana undugu wa karibu hata kidogo. Ndugu za kweli za kipepeo wa gunia tunawapata fasi ingine kabisa: mumoja kwenye tomati, mwingine kwenye viazi.

Vitabu vya Swahili vya Tanzania na Kenya vinaita kipepeo wa usiku "nondo". Kwetu watu wengi wanasema kipepeo, awe wa muchana ao wa usiku, na sisi tutafuata ile njia ya kwetu. Mashule inatumia majina ya Latini. Yule wa gunia ni Sitotroga cerealella. Wafaransa wanamuita alucite, na wanamujua tangu zamani sana: katika karne ya 18 alikula ngano ya jimbo la Angoumois mpaka Duhamel du Monceau na Tillet, wanasayansi wawili wa Académie ya Paris, walitumwa kule kuangalia. Kitabu chao kilitoka mwaka wa 1762. Walipendekeza kukausha ngano kwa joto la tanuru ili funza afe ndani ya punje. Kukausha vizuri mbele ya kuweka kwenye gunia, hata leo ni shauri ya kwanza yenye mukulima anapewa.

Sasa, undugu. Duniani kuko karibu aina 160.000 za vipepeo zenye zimepewa jina. Wale wa muchana, wenye rangi nzuri, wenye watoto wanakimbiza, ni kama 18.000 tu. Wengine wote ni wa usiku, na kati yao wadogo ni wengi sana. Zamani wataalamu walichukua wale wadogo wote wakawatia katika kisanduku kimoja, wakawaita microlépidoptères. Ilikuwa rahisi, lakini haikuwa kweli. Ni sawa mutu apange watu wa muji mzima kwa urefu wao, wafupi huku, warefu kule, halafu aseme wafupi wote wamezaliwa na baba mumoja. Leo, kwa kusoma ADN, tunajua kama wale wa muchana ni tawi moja tu lenye limeota katikati ya vipepeo vya usiku. Tena kuko vipepeo vinene, vyenye funza zao zinatoboa miti, vyenye undugu wao uko karibu zaidi na wadogo kuliko na wanene wenzao. Na finkubala zetu, zile zenye tunakulaka na bukari, ni watoto wa vipepeo vikubwa vya usiku. Kwa kipepeo wa tomati ni ndugu wa mbali sana, wa babu ya babu.

Tawi lote ni la zamani mno. Mwaka wa 2018 watafiti walitangaza kama katika udongo uliochimbwa chini kabisa huko Ujerumani walipata magamba ya mabawa ya vipepeo, ule unga wenye unabaki kwenye vidole ukishika kipepeo. Yalikuwa na umri wa miaka karibu milioni 200. Mengine yalikuwa na tundu ndani, namna yenye tunaona leo kwa vipepeo vyenye ulimi wa kunyonya. Ilishangaza, juu wakati ule mimea ya maua ilikuwa haijaenea bado. Mpaka leo kuko jamaa moja ya vipepeo vidogo yenye haina ulule ulimi: iko na taya, inatafuna unga wa maua sawa mbuzi anatafuna majani.

Mutu mwenye alitoa majina mengi kuliko wote kwa vipepeo vidogo alikuwa mwalimu wa shule. Edward Meyrick, aliyezaliwa mwaka wa 1854 na kufa mwaka wa 1938, alifundisha Latini na Kigiriki kwenye koleji ya Marlborough, Uingereza. Masaa ya kazi ilikuwa ya wanafunzi. Ingine yote ilikuwa ya vipepeo. Aliandika aina zaidi ya 14.000. Vitu vilimufikia kwa posta kutoka Australia, India, Amerika ya Kusini, na kutoka kwetu pia: vipepeo vidogo vingi vyenye vilikusanywa katika Congo ya Wabelgiji vilipata jina kwa mukono wake. Kitabu cha Ghesquière chenye kupanga microlépidoptères za Congo kilitoka mwaka wa 1940, na kilitolewa na ile musée ya Tervuren. Kwa hiyo kama kijana wa Lubumbashi ao wa Yangambi anapenda leo kujua kidudu cha shamba la baba yake kinaitwa nani, mara nyingi njia inapita Ubelgiji na London. Hatulii, lakini ni vizuri ijulikane.

Meyrick alipanga kwa kuangalia mabawa, zaidi sana ile mishipa yenye inashikilia bawa sawa miti ya paa. Kukata tumbo na kuangalia viungo vya uzazi hakupenda, hata wakati wengine walianza kuonyesha faida yake. Lakini kwa vipepeo vidogo, mwisho wa tumbo njo kitambulisho. Nje wawili wanaweza kufanana sawa mapacha. Ndani, vile viungo vigumu vya dume na jike viko na umbo la pekee kwa kila aina. Mutaalamu anachemusha tumbo katika maji makali ya potasi, nyama inayeyuka, kile kigumu kinabaki, halafu anakiweka chini ya mikroskopu. Ni kazi ya uvumilivu, na inaharibu sehemu ya kipepeo. Pengine njo sababu yule muzee hakuipenda.

Tufike kwa huyu wa tomati, juu njo anatupatia kesi muzuri kuliko wote. Mwaka wa 1917 Meyrick alipata kipepeo cha kijivu kutoka Huancayo, katika milima ya Peru. Akakiita Phthorimaea absoluta, yaani alikiweka katika ukoo moja na kipepeo wa viazi, Phthorimaea operculella. Nyuma yake wengine hawakukubali. Kikahamishwa katika Gnorimoschema, kikapelekwa katika Scrobipalpula, halafu Scrobipalpuloides, na mwaka wa 1994 Mucheki Povolný akakitia katika Tuta. Wakulima wa dunia mzima walikijua kwa ile jina ya mwisho, Tuta absoluta. Halafu mwaka wa 2021, watafiti wawili walilinganisha tena viungo vyote, kimoja kimoja, wakaona kama undugu wake ni pamoja na wa viazi. Jina limerudi kwenye lilianzia. Mwalimu wa Latini alikuwa ameona sawa, hata kama ukoo wa Phthorimaea wenye yeye alipanga ulikuwa gunia kubwa lenye alitia vitu vingi.

Mutu wa soko atauliza: hii mabishano ya majina inaongeza nini kwenye kilo ya tomati?

Tuangalie kwanza huyu kipepeo anafanya nini. Jike moja anaweza kutaga mayai karibu 260. Funza akitoka anaingia katikati ya ngozi mbili za jani, anakula nyama ya ndani, jani linabaki sawa karatasi ya plastiki. Anaingia pia katika shina na katika tunda lenyewe. Kwenye joto la digri 27, kutoka yai mpaka kipepeo ni siku 24 hivi. Kwenye joto, mwaka moja unaweza kubeba vizazi 10 ao 12. Kama mutu hakufanya kitu, shamba linaweza kupotea lote.

Alibaki Amerika ya Kusini mpaka mwaka wa 2006, alipoonekana Espanya. Kutoka pale hakusimama. Mwaka wa 2014 alikuwa Tanzania na Kenya. Mwaka wa 2016, huko Nigeria, jimbo la Kaduna lilitangaza hali ya dharura juu ya tomati, na watu walimupa jina la "Ebola ya tomati". Mwaka ule ule alitangazwa Zambia. Na kipepeo haombe jeton ya kupita Kasumbalesa: anasafiri ndani ya tunda, ndani ya kasha, chini ya bashi ya kamio.

Hapa kujua jamaa kunaanza kuleta faida. Kwenye bustani za kando ya Kafubu mukulima anaona jani limechorwa, anaenda kununua dawa. Lakini kuchorwa ni kwa namna mbili. Kuko inzi mudogo mwenye funza wake anachora kamustari kembamba, kenye kuzunguka sawa nyoka. Kipepeo yeye anafanya doa pana, na ukiliweka mbele ya jua unaona funza ndani na mavi yake meusi. Dawa ya moja inaweza kuacha mwingine akiishi vizuri kabisa. Ingia bustanini na lupu, ao tu na macho ya mutoto, mbele ya kwenda dukani.

Halafu kuko maneno ya dawa yenyewe. Watu wanasema "vidudu vimezoea dawa". Si kuzoea. Katika funza elfu nyingi za shamba moja, pengine wawili watatu wamezaliwa na kageuzi kadogo katika mwili. Dawa inaua wengine wote. Hawa wanabaki, wanaoana, na nyuma ya vizazi vichache shamba lote ni la watoto wao. Kuko dawa za kundi la diamides, zenye zinashika mahali fulani kwenye misuli ya funza, sawa ufunguo katika kufuli. Zilianza kuuzwa karibu na mwaka wa 2007. Kufika mwaka wa 2015, watafiti walitangaza kama kipepeo wa tomati wa Sicilia, Italia, alikuwa anazishinda: kufuli yake ilikuwa imegeuka.

Yenye ilitushangaza sisi ni hii. Kipepeo wa shu, Plutella xylostella, naye ni mudogo, lakini ni wa jamaa ingine, undugu wao ni wa mbali sana. Na yeye alishinda zile diamides, kwa mageuzi ya fasi ile ile ya ile kufuli. Hakuna mwenye alimufundisha mwenzake. Kila mumoja alifika kwa njia yake, juu wote walipigwa na rungu moja. Yule wa shu ni mukongwe wa kazi hii: mwaka wa 1953 huko Java, Indonesia, tayari alionekana anaishi na DDT. Mutu anayepiga dawa ile ile kila wiki, na kuongeza kipimo wakati haiue, anachagua yeye mwenyewe funza wenye atalisha mwaka kesho. Kubadilisha kundi la dawa inasaidia. Kubadilisha tu jina la kwenye chupa haisaidie, juu chupa mbili za rangi mbali zinaweza kuwa na dawa moja. Soma maandishi madogo ya chini.

Turudi kwa undugu wa viazi. Kipepeo wa viazi alifika Afrika mbele sana ya huyu wa tomati. Katika miaka ya 1960, Zambia, jirani wetu, ilileta nyigu wadogo kutoka Amerika ya Kusini, wadogo kuliko punje ya mutama, wenye wanataga mayai ndani ya yule kipepeo. Mumoja ni Copidosoma koehleri: yai lake moja linagawanyika ndani ya funza na linatoa nyigu wengi. Haume mutu, haombe mafuta ya moteri.

Sasa kama kipepeo wa tomati ni ndugu ya yule wa viazi, adui za moja ni fasi ya kwanza ya kutafuta adui za mwingine. Na njo vile ilifanyika. Kituo cha icipe cha Nairobi kilileta kutoka Peru nyigu mwenye jina murefu, Dolichogenidea gelechiidivoris. Gelechiidae ni ile jamaa yenye iko na wote watatu: wa gunia, wa viazi na wa tomati. Jina la nyigu maana yake ni mulaji wa Gelechiidae. Mutu mwenye aliliandika alikuwa amekwisha kutuambia nani anakula nani. Ilibaki tu kujua kama wetu ni wa jamaa ile.

Kwa mukulima mwenye hana nyigu wa Peru, kuko mambo ya kawaida yenye inapunguza hasara: kutoa na kufukia majani na matunda yenye ugonjwa, kutopanda tomati, viazi na biringanya zikifuatana kwenye ardhi ile ile, na mutego wa harufu. Jike anaita dume kwa harufu yake, na ile harufu inatengenezwa siku hizi, inauzwa katika kakapsuli kadogo. Unakatundika juu ya beseni ya maji yenye sabuni, madume yanakuja yanaanguka. Mutego haumalize kipepeo, lakini unaonyesha siku yenye amefika, na mukulima anapiga dawa wakati iko na maana.

Neno moja kwa wale wenye watatafuta habari zaidi kwenye telefone ao kwa agronome. Vitabu vya mbele ya mwaka wa 2021 karibu vyote vinasema Tuta absoluta, hata maandishi ya kwenye mitego dukani. Vipya vingi vinasema Phthorimaea absoluta. Andika majina yote mawili.