MELI YA FAHARI: CHUMBA CHA ABIRIA NA CHUMBA CHA MFANYAKAZI

Meli tunayoizungumza hapa haijapata kutia nanga Mombasa wala Dar es Salaam. Inaitwa Icon of the Seas, na ilianza safari yake ya kwanza ya abiria tarehe 27 Januari 2024 kutoka bandari ya Miami, Marekani. Kazi yake ni kuzungusha watalii katika bahari ya Karibi kwa muda wa juma moja, kisha inawashusha na kupakia wengine siku ile ile. Ilipotoka kiwandani ilikuwa meli kubwa kuliko zote za watalii duniani.

Mchuma majani ya chai atauliza, hayo yananihusu nini? Yanamhusu kwa mambo mawili. Kwanza, vijana wengi wa pwani na hata wa bara wanatafuta kazi katika meli za namna hii, na baadhi yao ni watoto wetu sisi tunaoishi katika nyumba za laini. Pili, habari ya meli ni habari ya makazi ya wafanyakazi, jambo ambalo kila mkutano wa tawi hulijadili na halimaliziki.

Tuanze na yale anayoyaona abiria.

Meli ina urefu wa karibu mita 365. Mtu akisimama kwenye tezi na mwenzake akasimama kwenye omo, hata akipiga kelele namna gani hasikiki. Ina sitaha 20, zimepandana kama ghorofa za mjini. Ikiwekwa abiria wawili wawili kwa chumba hubeba watu 5,610. Ikijaa kabisa, pamoja na watoto, huchukua hadi 7,600. Wafanyakazi ni 2,350. Ndiyo kusema meli ikijaa ina watu karibu 10,000, na wote hao wanakula, wanaoga na wanakwenda chooni juu ya maji.

Abiria akiingia hukuta mitaa, kwa maana waliojenga meli wameigawa sehemu nane na kila moja wameipa jina kama mtaa wa mji. Kuna bustani ya miti hai, imepandwa udongoni katikati ya meli, ina njia za kutembea na mikahawa pembeni. Kuna mabwawa saba ya kuogelea na mitelezo sita ya maji kwa wapendao kupiga mayowe. Kuna kiwanja cha kuteleza juu ya barafu, na meli yenyewe iko Karibi, mahali penye joto kama la Tanga! Mbele kabisa kuna ukumbi uliofunikwa kwa kuba la vioo na chuma, ambamo usiku warukaji hujitosa majini kutoka juu na maporomoko ya maji hushuka nyuma yao. Mahali pa kula na kunywa ni zaidi ya 40.

Sasa vyumba. Hapa ndipo penye maneno.

Chumba cha bei ya chini hakina dirisha la kutazama bahari. Kina ukubwa wa kama mita za mraba 14 na nusu, kina kitanda cha watu wawili, bafu na choo chake, televisheni, kabati na hewa baridi. Anayelipa zaidi hupata roshani ndogo ya kukaa akitazama mawimbi. Wengine hupewa roshani inayotazama ndani ya meli, juu ya ile bustani, kwa hiyo mtu anaweza kusafiri baharini juma zima na akifungua mlango wake asione bahari. Kila mtu na starehe yake.

Juu ya vyote hivyo kuna nyumba moja ya familia, si chumba tena, yenye ghorofa tatu ndani yake. Ina zaidi ya mita za mraba 160. Watoto hawana haja ya kushuka ngazi. Wamewekewa mtelezo wa kutoka ghorofa ya juu hadi ya chini. Kuna mahali pa kutazamia sinema na mahali pa kuimbia, na mlango wa mbele una uzio mweupe kama wa nyumba za vitongoji vya Marekani. Nyumba hiyo hulaza watu wanane. Bei yake kwa juma ni makumi ya maelfu ya dola.

Mhudumu anayetandika vitanda hivyo analala wapi? Katika meli hizi kuna milango ambayo abiria hapiti. Nyuma ya mlango mazulia hukoma, na rangi za kupendeza hukoma pia. Unabaki chuma, mabomba na taa nyeupe. Chini, kutoka mbele hadi nyuma ya meli, hupita njia moja ndefu ya wafanyakazi. Katika meli nyingi za kampuni za Kimarekani mabaharia huiita I-95, jina la barabara kuu ya pwani ya mashariki ya Marekani. Humo hupita mikokoteni ya shuka chafu, magunia ya viazi, wapishi, mafundi, waimbaji waliokwisha kuvaa nguo za jukwaani, na mhudumu wa vyumba anayekimbia kuwahi zamu.

Hatutasema chumba cha mfanyakazi ndani ya meli hii hasa kina ukubwa gani, ila tutasema sheria inaruhusu nini, maana mwajiri yeyote wa meli za abiria anaweza kusimama juu ya kiwango hicho na asiulizwe. Sheria yenyewe ni Mkataba wa Kazi za Baharini, uliopitishwa na Shirika la Kazi Duniani huko Geneva mwezi wa Februari 2006 na kuanza kutumika tarehe 20 Agosti 2013. Mkataba huo unasema kwamba katika meli za mizigo kila baharia apewe chumba chake peke yake, isipokuwa meli ndogo zinazoweza kusamehewa. Lakini meli za abiria zimetolewa katika kanuni hiyo. Huko mfanyakazi asiye ofisa anaweza kulazwa na mwenzake katika chumba cha mita za mraba 7 na nusu. Watatu wapewe mita 11 na nusu. Wanne wapewe 14 na nusu.

Msomaji aliye makini amekwisha kuiona hesabu. Mita 14 na nusu ni kile chumba cha abiria cha bei ya chini kisicho na dirisha, ambacho hukaa wawili. Eneo hilo hilo sheria inaruhusu walale wafanyakazi wanne. Na ile nyumba ya ghorofa tatu ya watu wanane? Ukiigawa kwa mita 7 na nusu unapata vyumba 21, yaani wafanyakazi 42. Kitanda chao kisipungue sentimita 198 kwa 80. Choo, beseni na bafu, kwa wasio na vyao, ni kimoja kimoja kwa watu sita. Aidha, katika meli za abiria mamlaka inaweza kuruhusu vyumba vya kulala viwe chini ya mstari wa maji, mradi taa na hewa viwe vya kuridhisha.

Mwenzetu mmoja akisoma haya anaweza kusema, mbona hata hiyo ni afadhali? Kuna mashamba ambako familia nzima, baba, mama na watoto, hupewa chumba kimoja na choo ni cha safu nzima ya nyumba. Ni kweli, wala hatutaki kupaka rangi. Ila tofauti moja lazima itajwe: mfanyakazi wa shamba akitoka zamu hutoka nje. Atakwenda kwa jirani, atalima kibustani chake, atakaa chini ya mwembe akapunga upepo. Mhudumu wa meli akitoka zamu hubaki palepale kazini. Hawezi kwenda kukaa kwenye bwawa la abiria kama mgeni. Kitanda chake, chakula chake, bosi wake na saa yake vyote vimo ndani ya chuma kimoja, kwa muda wa miezi, na mkataba wa kimataifa umeweka kwamba lazima apewe haki ya kurudishwa kwao kabla ya kutimiza miezi 12 mfululizo.

Saa za kazi nazo zina mambo yake. Kwa jina, kipimo cha baharia ni saa nane kwa siku na siku moja ya mapumziko kwa juma, kama sisi. Lakini kikomo chenyewe ni kingine: nchi inaweza kuruhusu kazi hadi saa 14 katika siku moja na saa 72 katika siku saba. Au hukadiria kwa mapumziko, yasipungue saa 10 kwa siku na 77 kwa siku saba, na mapumziko hayo yanaweza kukatwa vipande viwili, kimoja kisipungue saa sita. Linganisheni na Tanzania, ambako sheria ya kazi ya mwaka 2004 imeweka saa 45 za kawaida kwa juma. Melini abiria hula Jumapili kama Jumatatu, na mtu wa mwisho akiondoka mezani usiku, mtu wa kwanza anakaribia kuamka kutaka chai.

Fedha yao nyingine hutoka mikononi mwa abiria. Kampuni yenye meli hii ilikuwa ikitoza, mwaka 2024, dola kama 18 kwa kila abiria kwa kila siku kama bahshishi ya wahudumu, katika vyumba vya kawaida. Wengi wa abiria huona hiyo ni huruma yao kwa wafanyakazi. Ukiitazama vizuri, ni mwajiri anayempa mteja kazi ya kulipa sehemu ya mshahara.

Na mwajiri huyo yuko wapi? Makao yake yako Miami. Kampuni mama imeandikishwa Liberia. Meli ilijengwa Turku, nchi ya Finland. Bendera inayopepea tezini ni ya Bahama. Wafanyakazi wanatoka pembe zote za dunia. Mtindo huu wa kupeperusha bendera ya kukodi si wa jana, na Shirikisho la Kimataifa la Wafanyakazi wa Uchukuzi, ITF, limekuwa likipambana nao tangu mwaka 1948. La ajabu ni kwamba Liberia ilikuwa nchi ya kwanza kabisa kuridhia ule Mkataba wa mwaka 2006, na Bahama ilifuata mwaka 2008, lakini Marekani, ambako abiria wanapandia na faida inahesabiwa, haijauridhia. Bado chama kikiwa na nguvu hupata njia: Chama cha Mabaharia cha Norway kimekuwa na mikataba ya pamoja kwa wafanyakazi wa kampuni hiyo kwa miaka mingi, hata kwa wasio Wanorwe.

Wenzetu wa viwandani watapenda kujua pia jinsi vyumba hivi vinavyotengenezwa. Havijengwi ndani ya meli. Karibu na Turku, mahali paitwapo Piikkiö, kuna kiwanda ambacho hutoa vyumba vya meli vikiwa kamili: kuta, bafu, mabomba, nyaya, hata kioo cha kujitazamia. Kinachobaki ni kuviingiza kwenye mwili wa meli kama droo katika meza, kisha mafundi huunganisha maji na umeme. Chumba huhesabiwa kama sabuni inavyohesabiwa kwenye mstari wa kiwanda.

Uko wakati mmoja ambapo mambo yaligeuka. Mwezi wa Machi 2020, ugonjwa wa korona uliposimamisha meli za watalii, abiria waliteremshwa lakini wafanyakazi makumi ya maelfu walikwama baharini, maana bandari ziliwafungia na ndege zilisimama. Wakuu wa afya wa Marekani walitaka kila mtu alale peke yake, na vyumba vya chini havikutosha. Kwa hiyo katika meli nyingi wahudumu walipandishwa juu, wakalala mmoja mmoja katika vitanda walivyokuwa wakivitandika, wengine wakiwa na roshani. Wengi walikuwa hawalipwi mshahara, na wengine walikaa hivyo miezi, wakitazama nchi kavu wasiyoruhusiwa kuikanyaga. Mwaka uliofuata abiria walirudi, na wahudumu wakashuka tena chini.

Kwa kijana anayetaka kwenda, mambo machache ya kushika. Kenya iliridhia Mkataba huu mwaka 2014 na Tanzania mwaka 2019. Mkataba unakataza wakala kumtoza baharia fedha yoyote kwa ajili ya kumpatia kazi. Anayolipa mwenyewe ni cheti cha afya cha kisheria, kitabu cha ubaharia cha nchi yake na pasipoti au hati ya kusafiria. Viza si juu yake, ni juu ya mwenye meli. Mafunzo ya usalama atayahitaji, na chuo cha kweli hutoa stakabadhi. Mkataba wa ajira ausome kabla ya kutia sahihi, apewe nafasi ya kuuliza shauri, na abaki na nakala yake. Tangu tarehe 23 Desemba 2024 yamo pia marekebisho yanayotaka wenye meli wawawezeshe wafanyakazi kuwasiliana na jamaa zao kwa intaneti, kadiri inavyowezekana, na bei yake ikiwepo isiwe ya kuumiza.

Akitokea mtu mwenye briefkesi anayetaka laki kadhaa ili jina liingie kwenye orodha ya meli, kijana asilipe. Aulize kwanza kwa Mamlaka ya Bahari ya Kenya, Mombasa, au kwa TASAC, Dar es Salaam, kama wakala huyo ana leseni. Na wazazi walioko mashambani wasiuze ng'ombe kabla ya jibu kurudi.