Punda mgeni ashtukapo kuguswa: Chanzo huenda si ukaidi

PUNDA aliyefika nyumbani akiwa mpole, kisha baada ya siku chache akaanza kutetemesha ngozi, kulaza masikio na kurusha mateke kila anapoguswa, humtia mwenyewe katika mashaka makubwa. Kwa mkazi wa Kaloleni mjini Voi (si ile Kaloleni ya Kilifi) anayemtegemea mnyama huyo kuchukua maji, siku moja bila kazi ni siku bila mapato. Ndipo wengi hukimbilia fimbo, na fimbo huzidisha tatizo.

Wanyama wa aina hii katika maeneo hayo ni punda, si farasi, na si bila sababu. Uingereza ilipojenga reli kutoka Voi kuelekea Maktau mwaka wa 1915, ili kuwakabili Wajerumani waliokuwa wameteka Taveta, farasi waliotumika katika vita hivyo vya Afrika Mashariki walikufa kwa wingi. Waliangamizwa na nagana, inayoenezwa na mbung'o, na ugonjwa wa farasi wa Afrika. Punda naye hupata nagana, ila huo wa pili humdhuru kwa nadra.

Jambo la kwanza kufahamu ni kwamba punda ni mvumilivu wa maumivu kupita farasi. Huficha uchungu mpaka umzidi. Kwa hivyo anayeruka akiguswa huenda amekuwa akiumia kwa muda mrefu. Iwapo kabla ya kuuzwa alipewa dawa ya kutuliza maumivu, dawa hiyo huisha nguvu baada ya siku chache, na mnunuzi akadhani mnyama amebadilika tabia.

Uchunguzi huanza kwa macho, tandiko likiwa limeondolewa. Nywele nyeupe mgongoni au mahali shingo inapokutana na mabega ni alama ya vidonda vya zamani. Kisha mkono upitishwe polepole kuanzia begani, ukisogea mgongoni, mbavuni na miguuni, upande mmoja ukilinganishwa na wa pili. Akishtuka mahali pamoja tu, maumivu yapo hapo au karibu na hapo: jipu la sindano shingoni, mbavu iliyopigwa, mkanda wa kamba ya nailoni uliochubua kifua. Akishtuka anapoliona tandiko, kabla hata halijamgusa, anakumbuka mateso, na tiba yake ni subira.

Mzigo nao hauna budi kupimwa. Mitungi minne ya lita 20 ikijazwa maji ina uzani wa kilo 80. The Donkey Sanctuary, shirika la Uingereza la kutetea punda, huweka kilo 50 kuwa kikomo cha uzani wa mtu anayempanda punda mzima. Mitungi isiyolingana huzidisha madhara, kwani upande mzito huvuta tandiko na kusugua uti wa mgongo.

Kupe nao wasisahauliwe, hasa ndani ya masikio, chini ya mkia na katikati ya mapaja. Punda asiyetaka kuguswa masikio, huku akikubali kwingineko kote, mara nyingi shida yake ni hiyo tu.

Kuna pia upweke. Punda hushikamana na mwenzake, na akitenganishwa naye huweza kukataa chakula. Hilo si deko: punda asipokula, mafuta ya mwili hufurika katika damu na yaweza kumuua.

Linalohitaji haraka zaidi ni kushtuka kwa mwili mzima. Hapo ishukiwe pepopunda, ugonjwa ambao hata jina lake la Kiswahili limemtaja mnyama huyu. Viini vyake hukaa katika udongo na samadi, na huingia kwa kidonda, hata tundu dogo la msumari katika ukwato. Kwa kawaida dalili huonekana wiki moja hadi tatu baadaye, kwa hivyo punda aliyeumia sokoni huweza kuugulia kwa mnunuzi. Hutembea kama aliyekaukiwa viungo, mkia huinuka, taya hukaza, na utando wa kona ya ndani ya jicho huchomoza anaposhtuliwa. Mguso au kelele kidogo humkakamaza. Awekwe mahali penye giza na utulivu huku daktari wa mifugo akiitwa mara moja. Chanjo ipo, na ni nafuu kuliko punda mwingine.

Tena siku hizi si rahisi kujua mnyama alikotoka. Wizi wa punda uliochochewa na biashara ya ngozi uliifanya serikali kupiga marufuku uchinjaji wao Februari 2020, ingawa Mahakama Kuu ilibatilisha amri hiyo Mei 2021. Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika waliafikiana kusitisha kwa miaka 15 uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi.

Mwisho ni kichaa cha mbwa. Punda aliyeumwa na mbwa, akawa mkali ghafla, akiuma vitu au kudondoka mate, asiguswe kinywani wala kufunguliwa taya kwa mkono. Aliyeumwa naye au kurukiwa mate yake kwenye kidonda aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo.