Vifuko vya Majimaji katika Kongosho: Kipi cha Kuogopwa?

Kongosho ni kiungo ambacho wanafunzi hukichora daftarini na kukisahau mara mtihani unapokwisha. Kimejificha nyuma ya mfuko wa chakula, na urefu wake kwa mtu mzima ni kama sentimeta 15. Kazi zake ni mbili: kutoa vimeng'enya vya kusaga chakula, vinavyopita katika mfereji mkuu hadi utumbo mwembamba, na kutia katika damu homoni ya insulini inayosawazisha sukari. Kwa sababu ya maficho hayo, saratani ya kongosho inapotoa dalili, mara nyingi huwa imekwisha kuenea.

Tangu kuenea kwa mashine za kupiga picha za ndani ya mwili, limezuka swali jipya. Mtu hupigwa picha kwa ajili ya mawe ya figo, na daktari huona katika kongosho kifuko kidogo kilichojaa majimaji, ambacho mwenyewe hakupata kukihisi. Picha za eksirei zinazoundwa kwa kompyuta zimeonyesha vifuko hivyo kwa watu 2 hadi 3 hivi katika kila 100, na idadi huongezeka kadiri umri unavyosogea. Je, wote hao wahesabiwe kuwa wagonjwa wa saratani? Hasha.

Vifuko hivi si vya namna moja. Kuna kifuko bandia, kinachotokea baada ya kongosho kuvimba kwa sababu ya ulevi au mawe ya nyongo. Ukuta wake ni kovu tupu lisilo na utando wa seli. Na pasipo seli za kugeuka, saratani haina pa kuanzia. Kuna kifuko cha maji mepesi, ambacho ni nadra mno kugeuka. Cha tatu ni kifuko cha ute mzito, na hapa ndipo penye hatari. Mwaka 1978 Compagno na Oertel wa Marekani walitenganisha waziwazi vifuko vya maji na vya ute. Mwaka 1982 Ohashi na wenzake wa Japani walieleza uvimbe wa ute unaoota ndani ya mifereji ya kongosho yenyewe.

Seli za utando huo hazigeuki kwa siku moja. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walionyesha kwamba vifuko vingi vya mifereji vina mabadiliko katika jeni ziitwazo KRAS na GNAS. Seli hupotoka kidogo, kisha sana, na mwisho hupenya ukuta. Kwa kawaida safari hiyo ni ya miaka, na vifuko vingi haviifikishi mwisho.

Mbona basi visikatwe vyote? Upasuaji wa kichwa cha kongosho, ambao Allen Whipple wa New York alieleza mwaka 1935, huondoa pia sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba na kibofu cha nyongo. Hata mikononi mwa mabingwa, wapo wanaofariki, na wapo wanaobaki na kisukari. Kumpasua asiye na hatari ni kumdhuru. Kumwacha mwenye hatari ni kumpoteza.

Ndiyo maana wataalamu wa mataifa mbalimbali walitoa mwongozo mwaka 2006, wakaurekebisha mwaka 2012, 2017 na 2024. Kwa vifuko vya ute katika mifereji, miongoni mwa dalili nzito ni: umanjano wa macho kwa sababu nyongo imezibwa, kinundu cha milimita 5 au zaidi ndani ya kifuko, na mfereji mkuu uliopanuka kufikia milimita 10. Mwenye mojawapo hufikiriwa upasuaji. Kifuko cha sentimeta 3 au zaidi, au mfereji wa milimita 5 hadi 9, hudai uchunguzi zaidi, pengine kwa kuvuta majimaji kwa sindano na kuyapima. Wengine hupigwa picha tena kila baada ya muda.

Aliyeambiwa kwamba ana kifuko na amuulize daktari wake: Ni maji au ute? Mfereji mkuu una upana gani? Kuna kinundu ndani? Na akipangiwa tarehe ya kurudi, arudi hata kama haumwi, kwani kifuko kinachogeuka hugeuka kimyakimya.